Kilomita za Alhamisi

Mhandisi Foglizzo hakuanza na rangi. Nives Ramella alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na sinia la kahawa mkononi alipoliona hilo. Wageni wote waliowahi kufunuliwa gari lile, nao walikuwa wa kuhesabika, walianza na rangi. Walirudi nyuma kidogo, wakatikisa vichwa, wakasifu ule wekundu, kisha wakaenda zao kula. Huyu alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akapiga magoti kwenye saruji na kuanza kuzikagua tairi.

"Kahawa, bwana mhandisi," alisema Nives.

"Baadaye, bibi. Nikinywa kahawa pua inalala, na mimi nakagua kwa pua."

Eraldo, mumewe, alicheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe. Alikuwa amevaa suti ya harusi za watu na viatu vya kanisani, saa tatu asubuhi, bandani. Siku nne hakuwa amelala vizuri. "Nusa utakavyo, bwana mhandisi," alisema. "Humo utanusa kiwanda tu. Gari hilo ni bikira."

Nives aliweka sinia juu ya pipa ili vikombe viache kugongana.

Gari lenyewe lilikuwa na historia ya ajabu kidogo. Zamani zile sheria za mashindano zilikuwa haziruhusu kiwanda kuingiza gari kwenye rali mpaka kwanza kitengeneze mengine mia mbili ya namna ileile na kuyauza kwa watu wa kawaida. Basi kiwanda kimoja cha Torino kikayatengeneza shingo upande, na watu wa kawaida wakayakataa. Nani alitaka gari la viti viwili, injini inanguruma nyuma ya kisogo, kiangazi ndani ni tanuri, na buti haitoshi mfuko wa viazi? Mengine yaliozea dukani. Eraldo, kijana mtia rangi nyuzi katika kiwanda cha sufu cha Biella, alinunua moja kwa bei ya kutupa, na majirani wakamwonea huruma mkewe.

Kisha mashindano yale yakapigwa marufuku, madereva wake wakazeeka, na yale magari mia mbili yakawa adimu kama maziwa ya kuku. Wenye fedha wakaanza kuyatafuta hadi mabandani. Bei ikapanda, ikaipita nyumba ya Eraldo, ikaipita na nyumba ya kaka yake. Hapo ndipo mtu wa watu alipoharibika. Aliacha kuliendesha, maana kila kilomita iliyoongezeka kwenye mita ilipunguza thamani. Akalifunika turubai, akaweka kufuli la pili, na kila jioni kabla ya chakula alikwenda na tochi, akafunua upande wa usukani, akasoma namba kwa sauti. Elfu nne mia moja na kumi na mbili. Ilikuwa hivyo jana, ilikuwa hivyo wakati wa ubatizo wa mpwa wake, na mpwa huyo sasa ana ndevu.

Wiki iliyopita wezi walitoboa paa la banda la mtu huko Candelo wakaondoka na gari lake la zamani. Tangu hapo Eraldo alikuwa akiamka kila paka alipokohoa. "Naliuza, Nives," alimwambia mkewe. "Naliuza nilale." Mnunuzi wa Milano alikuwa tayari, ila alitaka neno la Foglizzo, kwa sababu kwa wapenzi wa magari hayo neno la Foglizzo ndilo cheti. Akisema gari ni safi, ni safi. Akikataa kulisema, hakuna atakayeligusa, na mwenye gari hatapewa tena mkono katika klabu yoyote ya magari kuanzia hapo mpaka mpakani.

Hilo ndilo lililomkosesha Nives raha. Kwa sababu namba ile ilikuwa ya uongo, na mwenye uongo alikuwa yeye.

Baba yake, Battista, alikuwa na gereji huko Cossato, na Nives alijua kushika spana kabla hajajua kushika mwiko. Mzee alipokuwa kitandani, mgonjwa wa kutorudi, alimwita akamwambia: "Mumeo ataliua lile gari. Gari likilala, mwanangu, mipira inakauka, mafuta yanaganda, injini inashikana. Mwambie alitoe." Nives alimwambia Eraldo, siyo mara moja. Eraldo alijibu kwamba Battista alizoea magari ya kubebea maziwa.

Baada ya mazishi, Alhamisi moja, siku ambayo wote wawili walikuwa na zamu ya mchana, Eraldo alipoteremka Mongrando kucheza tufe, ule mchezo wa kuviringisha mipira mchangani, na wenzake, Nives aliingia bandani akaliwasha. Alikusudia kuliwasha tu. Alhamisi iliyofuata alilitoa hadi getini. Ya tatu yake alijikunja chini ya dashibodi, akafungua kwa spana ya marehemu baba yake nati inayoshika waya wa spidi, akauchomoa ule waya, na namba zikabaki zimelala huku yeye akipanda mlima.

Alijiambia anafanya kwa ajili ya gari, na labda mwaka wa kwanza ilikuwa kweli. Mimi naona baadaye ilikuwa kwa ajili yake. Kazi yake kiwandani ilikuwa kuinamia vitambaa vya wengine, kutafuta uzi uliokatika na kuufuma upya pasionekane. Miaka yote hiyo, kichwa chini. Kule juu, kwenye kona za milimani ambako katikati ya juma hapiti mtu, alikuwa hainamii chochote. Alikwenda hadi kwa Ginulfo, mfugaji asiyependa maneno, akanunua jibini, akageuka. Saa sita mchana turubai lilikuwa limerudi mahali pake, mkunjo kwa mkunjo, kwa mikono iliyozoea kuficha kasoro. Theluji inapoyeyuka hadi majani yanapopukutika, kila Alhamisi, kwa miaka ishirini na saba.

Sasa mhandisi alikuwa amelala kifudifudi, shavu karibu na tairi, na miwani mkononi.

"Bwana Ramella, hizi tairi zilikuja na gari?"

"Zilikuja nalo. Kila kitu kilikuja nalo."

"Hm." Alisugua mpira kwa kidole gumba. "Hapa kuna tarehe ya kutengenezwa. Gari lina umri wa miaka ishirini na moja kuzidi tairi zake."

Nives alizitazama zile tairi. Tairi alizibadilisha kwa binamu yake Oreste, juma lile Eraldo alipolazwa kwa ugonjwa wa nyongo. Alitafuta aina ileile, michoro ileile. Tarehe hakuiwazia. Nani husoma tairi?

"Haiwezekani," alisema Eraldo. "Watakuwa wamekosea kiwandani."

"Watakuwa wamekosea kwa miaka ishirini na moja mbele," alisema mhandisi, bila kucheka.

Alifungua mlango wa dereva, akachuchumaa, akatazama pedali. Mpira wa klachi ulikuwa umelika upande mmoja. Akataka kuingia, magoti yakagonga usukani. Alimtazama Eraldo, mrefu kama nguzo ya simu, kisha akatazama tena kile kiti kilivyosogezwa mbele. Nives alirudi nyuma hadi bega likagusa ukuta. Alitamani mtu huyu apigiwe simu, apatwe na kikohozi, apatwe na chochote. Mhandisi aliwasha taa yake ndogo, akaingiza mkono chini ya dashibodi, na wote watatu wakasikia nati ikizunguka kwa ulaini, bila spana, kama kifuniko cha chupa.

Alitoa mkono. Waya wa spidi ukaning'inia chini ya usukani.

"Bwana Ramella, keti kidogo."

"Nimesimama vizuri."

"Nati ya gari lililolala miaka thelathini hufunguliwa kwa matusi. Hii imefunguliwa na kufungwa hadi kingo zimeng'aa. Nakuuliza mara moja tu, na jibu lako ndilo nitakaloondoka nalo. Hizi kilomita ni za kweli?"

Eraldo alikuwa mweupe kama jibini. "Unaniita mwizi bandani mwangu?"

"Nimeuliza swali."

"Mimi? Mimi niliyezeeka nikililinda hili?" Alipiga kifua kwa kiganja. "Hakuna mkono uliogusa waya huo. Naapa kwa roho ya marehemu mama yangu, Marianin, aliyelala pale kwenye makaburi, na nisiamke kesho kama nasema uongo."

Mhandisi alisimama, akajipangusa magoti, akachukua koti lake kwenye msumari. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ile huruma ya mtu aliyeona wengi wakiapa. "Basi sitaendelea kulikagua gari hili," alisema. "Wakiniuliza kwa nini, itabidi niwaambie."

Nives alimjua mama mkwe wake. Alimwosha kwa mikono yake alipokufa. Aliyatazama mabega ya mumewe yalivyoanguka ndani ya ile suti, akaona kwamba mtu huyu hajawahi kusema uongo hata kwenye mchezo wa tufe, na kwamba uongo huu amevishwa.

"Ni mimi," alisema.

"Nyamaza, Nives, hujui mambo haya."

"Ni mimi, Eraldo. Waya nimeutoa mimi. Na tairi ni mimi."

 Mhandisi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akalitundika tena koti. "Sasa nitakunywa ile kahawa," alisema, akabeba kikombe kilichokwisha kupoa na kutoka nacho uani.

Eraldo hakugeuka. Alikuwa akiutazama ule waya. "Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi gani?"

"Zote. Tangu baba afe."

"Mvua?"

"Kwenye mvua silitoi. Mara moja tu ilinikuta huko juu. Nililikausha kwa mashuka."

"Kwa mashuka yetu." Alikaa juu ya pipa, pembeni ya sinia. "Mimi nakuja hapa na tochi kila jioni kama mlinzi wa benki. Nasoma namba. Wewe uko jikoni unanisikia nasoma namba."

"Nilikuwa nakusikia."

"Unacheka."

"Sikucheka hata siku moja, Eraldo. Nilikuwa nafungulia bomba la maji nisisikie."

Eraldo alifunika uso kwa viganja. Nives alitamani amtukane, amrushie kikombe, maana tusi angeweza kulijibu. "Umeniapisha kwa mama," alisema Eraldo mwishowe, kwa sauti ndogo. "Umeniacha niape."

"Ndiyo maana nimesema."

"Umesema baada ya mimi kuapa."

 Ilikuwa hivyo hasa.

Mhandisi alirudi, akasema yake akiwa amesimama. Bei aliyokuja nayo kichwani ilikuwa imeshuka, tena sana. Mnunuzi wa Milano alitaka gari ambalo halijatembea, na hili limetembea. Lakini mwaka huu amekagua ndugu watatu wa gari hili, na hakuna hata mmoja aliyewaka. Akitaka Bwana Ramella, ataandika ukweli wote kama ulivyo, na jina la mwenye gari litabaki safi.

"Limetembea kiasi gani, bibi?"

"Elfu kumi na sita hivi," alisema Nives. "Zaidi ya zile."

"Fikirini, mnipigie," alisema, akaaga kwa kuinamisha kichwa. Walisikia gari lake dogo likiteremka kona kwa kona hadi likapotea.

Mezani mle ndani polenta, ule ugali wa kwao, ilikuwa tayari kwa ajili ya mgeni, na jibini lilikuwa limekatwa kwenye ubao. Nives aliliwazia hilo wakati uleule Eraldo alipoinua kichwa, na akajua kwamba naye analiwaza.

"Na jibini?" aliuliza Eraldo. "Jibini la Alhamisi. Si la sokoni."

"La Ginulfo. Juu kabisa, barabara inapoishia."

"Miaka yote hii nakwambia hakuna jibini kama hilo."

"Miaka yote hii unaniambia."

 Eraldo alifungua kifungo cha shati, akavua koti la suti na kuliweka juu ya pipa. Akalizunguka gari polepole, mkono ukipapasa boneti, akafika upande wa pili, akafungua mlango wa abiria. Ilimchukua muda kujikunja hadi akaingia.

"Mwenye gari ni mimi," alisema kutoka ndani, akitazama mbele, "na sijui linavyopanda mlima."

Nives alifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na maji. Hakujua kama amesamehewa. Sura ile haikuwa ya mtu aliyesamehe. Alikaa kwenye kiti kilichozoea miguu yake, akashika ufunguo.

"Leo Jumanne," alisema.

"Najua leo ni lini. Ngoja." Eraldo alinyoosha kidole chini ya usukani, bila kumtazama. "Rudisha kwanza huo waya. Hizi zihesabiwe."