Poda na Bomba la Nyangezi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kisu, beseni la maji na rundo la takataka lililonipita urefu. Karakana yetu ya Bukavu ilitengeneza mabomba ya maji kwa plastiki iliyookotwa. Chef d'atelier, yaani msimamizi, aliniambia: "Maman Nsimire, ile inazama, tupa. Ile inaelea, kamata." Basi nikakamata.

Ninyi vijana mnaona plastiki ni plastiki tu. Hapana jamani! Bido, yaani dumu la mafuta, ni polietileni, laini, ukucha unaingia. Beseni na kizibo cha chupa ni polipropileni, ngumu zaidi. Zote mbili zinaelea, kwa hiyo maji hayazitengi. Ukiziyeyusha pamoja hazipatani: moja inajikusanya matone matone ndani ya mwenzake. Mchanganyiko ukikaa moto bila kusukumwa, matone yanaungana, yanakua, na bomba linapasuka. Na umeme wa Bukavu mnaujua. Ulikuwa unakatika huku mashine imejaa, nasi tunatupa kila kilichomo.

Miaka kadhaa baadaye akaja Madame Ingénieur, yaani mhandisi, jina lake Zuhura, binti wa wafanyabiashara wa Uvira. Alileta mfuko wa poda nyeupe, silika, yenye chembe ndogo kupita chochote unachoweza kuona kwa jicho. Chembe hizo zikikaa mpakani, pale plastiki mbili zinapogusana, zinazuia matone yasiungane, hata umeme ukikatika.

"Hii poda inapenda polietileni," alitueleza. "Njo maana tunaitia kwanza mu polipropileni. Ikianza kukimbilia kule inapenda, itanasa mpakani. Mukigeuza, itazama yote mu polietileni, na mpaka utabaki bure. Munasikia?"

Tulisikia. Kijiji kimoja cha Nyangezi kilikuwa kinasubiri mabomba, na mengine yalikuwa yamepasuka tayari. Bwana Directeur, mkuu wa karakana, alimwambia mbele yetu sote: "Ikipasuka tena, Madame, utarudia kwenu Uvira."

Siku ya kuchanganya, mashine ilikuwa mikononi mwangu. Poda ilikataa katakata kushikana na polipropileni. Ilifanya madonge, ikapeperuka, ikanijaa puani. Kwetu mwanamke anayeacha madonge kwenye bugali anachekwa hadi anazeeka, nami sikutaka kuchekwa. Nikaitia kwenye ndoo ya polietileni, nikamimina vyote mashineni. Ikapokelewa laini kabisa, nikajiona mjanja. Sikumwambia mtu.

Directeur alikuja kujionea mwenyewe. Mashine ilizimwa makusudi kwa saa nzima, ikawashwa tena, bomba likatoka zuri la kupendeza. Wakalisukumia maji kwa pampu. Likapasuka toka mwanzo hadi mwisho.

"Madame, poda yako iko unga ya bure," alisema Directeur.

Madame Ingénieur alitazama bomba, akatazama ndoo zangu, akanitazama mimi. Halafu akasema: "Kosa iko yangu, Papa Directeur."

Nikaokota ndoo zangu nikaenda kuziosha. Niliona haya, lakini woga wa kufukuzwa kazi ulinizidi. Kesho yake hakuja kazini.

Aliacha daftari lake na poda nusu mfuko. Nilimwomba Directeur tujaribu tena. "Mara moja tu, Maman," alisema. Nikafuata daftari neno kwa neno: polipropileni kwanza, poda kidogo kidogo, madonge nikiyasaga mpaka yaishe, ndipo polietileni. Safari hii umeme ulikatika wenyewe, hakuna aliyeuzima. Uliporudi, bomba lilitoka, likajazwa maji, likashika. Mabomba tuliyotengeneza hivyo yanapeleka maji Nyangezi mpaka leo. Directeur akanipa mkono: "Bravo! Sasa ni wewe chef d'atelier." Cheo nilikipokea, nikakaa nacho hadi nilipostaafu.

Siku hizi wafanyakazi wapya wanakuja nyumbani kuniuliza siri ya kazi. Nawaambia utaratibu wa poda, wananisifu, wanakunywa chai, wanaenda. Sifa hizo si zangu. Mwaka huu nikapanda gari nikashuka Uvira, ambako Madame Zuhura anafundisha kemia.

"Madame, ile poda, ni mimi nilitia mahali mubaya."

Akacheka kidogo. "Nilijua siku ile ile. Ndoo ya polietileni ilikuwa nyeupe mpaka juu."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Maman, mimi nilikuwa na diplome. Wewe ulikuwa na watoto sita."