Maziwa Lala ya Memsabu

Jumamosi nilichungulia ukumbini hapa Nakuru, ambako memsabu mmoja hufundisha akina mama Kiingereza kwa kuwaonjesha jibini na jemu. Amewafunza kwamba hata kitu kikikushinda, mwenye adabu husema kwa Kiingereza, “Nzuri sana, asante,” kisha hukiweka chini.

Safari hii mama mmoja alileta maziwa lala ya kibuyu, yale yaliyogandishwa na kutiwa unga wa mkaa, ya kupokea mgeni wa heshima. Akammiminia memsabu kwa mikono miwili. Memsabu akaonja kidogo.

“Nzuri sana, asante,” akasema, akaweka kikombe chini.

Mama akakifunika kibuyu. Nikamnong'oneza, “Si amesifu?”

“Mzee, hilo somo nilifundishwa.”

Laiti siku ya somo lile mama huyu angekuwa shambani. Leo angerudi nyumbani akicheka, akiamini amesifiwa.