Nyota Mbili Nilizozipa Majina ya Wanangu

Sema nililewa, sema nilisinzia. Wote husema hivyo. Lakini sikuonja hata tone usiku ule, na aliyenikuta nje ya Musonoi, mji wetu wa mgodi, nilimwona kwa macho haya.

Ilikuwa miaka ya Zaire. Nilichora ramani katika ofisi ya mgodi, na nyumbani nilikuwa na mapasa, yaani mapacha, Mbuyi na Kabanga. Ndiyo maana wenzangu wa Kasai waliniita Tata Shambuyi, yaani mzee baba wa mapasa. Usiku nilikuwa na wazimu wangu: nyota moja ambayo kumbe ni mbili, zimekaribiana mno, zinazungukana na kufunikana. Kila dakika kumi niliulinganisha mwanga wake, kwa darubini, na nyota za jirani zisizobadilika, nikatia alama kwenye karatasi ya milimetri, ile ya miraba midogo, na kuziunganisha kwa mstari. Mstari ulishuka mara mbili: sana, nyota yenye nguvu ilipofichwa, na kidogo tu, karibu usionekane, ile dhaifu ilipofichwa. Ile yenye nguvu nikaiita Mbuyi, ile dhaifu Kabanga. Mke wangu alinikataza, kwani kwetu pacha mmoja hawekwi juu ya mwenzake. Nilimcheka. Mjinga mimi!

Basi usiku ule, nikiwa kwenye darubini yangu, akatokea mama mmoja nisiyemjua, uso umepakwa mpemba, ule udongo mweupe wa mama wa mapasa, akanyosha kidole juu kwenye nyota zangu.

"Tata Shambuyi, Kabanga wa kule yulu akifichama, batu banajua?"

Majina yale aliyatoa wapi? Sikujiuliza. Nilifurahi kupata wa kuniuliza, nikajibu kwa mbwembwe: "Hapana, mama. Mbuyi njo mwenye anaangaza. Kabanga akifichama, hata mi baba yake siwezi jua."

"Ni weye umesema, tata."

Akaelekea kwenye shimo la mgodi, kusiko na njia, akapita hewani kama anayekwenda sokoni. Nilikimbia nyumbani roho mkononi. Watoto wote wawili walikuwa wamelala salama. Nikamshukuru Mungu.

Nilishukuru mapema mno. Asubuhi jirani alimsalimu Mbuyi, akampita Kabanga palepale mlangoni. Mwalimu akaacha kumwita. Hakuugua, hakukonda, watu hawamwoni tu mpaka awaguse. Tuliombewa kanisani, wapi!

Sasa ni mwanamke mzima. Juzi mgeni aliniuliza nina watoto wangapi. Nikajibu bila kufikiri: mmoja. Kabanga ndiye aliyekuwa akitumiminia chai.

Nakuomba, wewe mwenye watoto, usimpime mmoja kwa mwenzake, hata kwa mzaha. Mimi lile neno siwezi kulifuta, na Kabanga bado ananiita baba.