Geji za Pikapu ya Baba

Geji za gari zina ugomvi wake, na mimi niliupenda ugomvi huo kuliko kazi nyingine yoyote ya gereji. Mshale mmoja ukikudanganya, wa mafuta au wa joto, unamtafuta mwongo njiani: kwenye waya wake, kwenye boya ndani ya tangi, kwenye kile kidude kilichokazwa ubavuni mwa enjini. Mishale yote miwili ikidanganya kwa pamoja, unaachana na hayo yote, unakwenda moja kwa moja kwenye kitu ambacho yote miwili inakichangia. Fundi anayeanza kufungua tangi wakati mishale miwili imepotea ni wa kufukuzwa kazi. Nilikuwa nayasema haya kwa sauti, kwenye gereji ya Morogoro mjini ambako nilikuwa mwanamke peke yangu, na sikuona aibu kujisifu, kwa sababu wenye magari walikuwa wakifika wanauliza, "Yule dada wa umeme yupo?"

Basi Jumamosi moja baba akaniambia geji za pikapu yake zimekufa.

Pikapu hiyo aliijua kuliko alivyonijua mimi. Aliiendesha miaka mingi akiwa dereva wa shirika la umma, na shirika lilipofungwa siku zile za ruksa ya biashara huria, mali zake zikapigwa mnada, akachukua kiinua mgongo chake akainunua. Akaipaka rangi ya bluu kwa brashi, nje na ndani, mpaka dashibodi, ili watu wajue si ya shirika tena. Mjini kila mtu alikuwa ameanza kuuza kitu. Maduka yalijaa redio, mitumba na spea za Dubai. Baba akaamua kubeba mboga. Mara mbili kwa wiki alipanda milimani Mgeta, akateremka na kabichi, karoti na njegere za wakulima mpaka sokoni Morogoro, kisha akarudi kwetu Bigwa amechoka na ana furaha.

Msimu ule, hata hivyo, enjini ilikuwa imechemka mara mbili mlimani, na mara zote mbili mboga zikashinda juani mpaka zikanyauka. Wakulima walimwambia kwa adabu lakini bila kuzunguka: ikichemka tena, wanahamia kwenye malori yanayokwenda Dar.

"Mshale wa joto umekufa," baba aliniambia. "Ningejuaje?"

Nilijua nimekabidhiwa nini. Mama alikuwa ameshafariki. Baba akinyang'anywa safari zile, atabaki kukaa barazani akihesabu magari ya watu wengine yanayopita. Nilishawaona wazee wa namna hiyo mtaani kwetu, na niliogopa sana kumwona yeye kuwa mmoja wao.

Nikawasha swichi bila kuwasha enjini. Mishale yote miwili ikapanda mpaka mwisho. Enjini ya baridi, mshale unasema inatokota. Tangi lina mafuta ya kufika Mzumbe tu, mshale unasema limejaa.

"Baba, hazijafa," nikamwambia. "Zinaongopa tu."

"Zimekufa, zinaongopa, yote mamoja."

Nilicheka. Hayakuwa yote mamoja, na mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Mtu aliyeuona mshale umepanda mpaka mwisho hasemi umekufa.

Nilifungua dashibodi. Nyuma ya geji kwenye magari ya zamani kuna kikopo kidogo cha bati kinachozipimia umeme geji zote mbili, na kikopo hicho hakifanyi kazi mpaka kiguse chuma kitupu cha bodi. Baba alikuwa amekifungua alipopaka rangi, akakirudisha juu ya rangi. Bolti imekazwa vizuri kabisa, bluu juu ya bluu, na rangi haipitishi umeme. Nikaisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, nikawasha swichi tena. Mshale wa joto ukalala chini. Wa mafuta ukasimama kidogo tu juu ya alama ya mwisho, pale ulipopaswa kuwa. Nilijipongeza. Kazi ya saa moja, na nilikuwa sijafungua tangi.

Ningeishia hapo, lakini mimi nikishika kitu huwa sikiachi mpaka nikipime. Kuna kipimo cha watu wawili. Mmoja analala chini ya gari penye tangi, anachomoa waya wa boya na kuugusisha kwenye bodi, na mwenzake anakaa kwenye usukani na kutaja mshale umefika wapi. Waya ukigusa bodi, mshale unatakiwa upande mpaka juu. Baba akakaa kwenye usukani, mimi nikatandika gunia chini ya gari.

"Umepanda?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Bado umelala."

Nikasugua waya, nikagusisha tena. Bado. Nikadhani waya umekatika katikati, nikauvuta wote kutoka mbele mpaka nyuma, nikatandaza mwingine mpya. Bado. Jua lilikuwa limenifuata mpaka chini ya gari, na nilikuwa nimeanza kuyatukana yale machuma. Mwishowe nikaubana waya kwenye bodi kwa koleo, nikauacha hapo, nikatoka nikaenda dirishani kuangalia mwenyewe.

Mshale ulikuwa juu kabisa, umetulia. Baba alikuwa ameuinamia, uso umekaribia kugusa kioo.

"Si unaona?" akaniambia. "Haujanyanyuka hata kidogo."

Nilimtazama baba, nikautazama mshale, nikasema, "Ndiyo, baba. Ngoja niangalie tena." Nikarudi chini ya gari, ambako hakukuwa na chochote cha kuangalia, nikalala pale nikitazama vyuma.

Kutoka chini nilimwona akishuka, akatoa ufito wake nyuma ya siti na kuja kupima mafuta. Ufito huo ulikuwa wa mwanzi, ameutumia tangu enzi ya uhaba wa mafuta, magari ya shirika yalipokuwa hayana geji hata moja nzima. Haukupima kwa lita, ulipima kwa vituo vya njia ya Mgeta. Alama ya kwanza iliitwa Mzumbe, ya pili Langali, ya tatu Nyandira, na ya juu kabisa kwenda na kurudi. Nilipokuwa mtoto alama hizo zilikuwa mistari ya wino. Sasa zilikuwa zimechongwa kwa kisu, mapengo ya kutosha kuingia ukucha. Baba aliuzamisha, akautoa, akapitisha kidole gumba juu yake polepole, huku macho yake yakiwa upande wa mlimani. "Mzumbe," akasema.

Nikaelewa kwa nini enjini ilichemka. Mafuta aliweza kuyapima kwa kidole. Joto hakuweza.

Ningeweza kumwambia. Mtu atasema mtoto mwenye akili angesema palepale. Lakini jaribu wewe kumwambia baba yako, dereva wa miaka thelathini, kwamba haoni. Ningeweza hata kuchomoa waya mmoja tu gari lisiwake, na ni mimi peke yangu ningejua ni upi. Sikufanya hivyo pia. Nilijiambia pengine ni vitu vidogo tu asivyoviona, vya karibu, na barabara anaiona. Jumatatu, siku ya kupanda Mgeta, nikamwambia nakwenda naye nikazijaribu geji mlimani.

Nilipanda nyuma na matenga matupu pamoja na akina mama wanne, kwa sababu siti ya mbele ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya mtani wake. Alikuwa bibi mkulima wa kabichi kutoka Mgeta, aliyeshuka na kupanda na baba kila safari, wa ukoo ambao ni watani wa ukoo wa baba. Kwetu Uluguru ukoo unakwenda kwa mama, kwa hiyo utani ule ulikuwa wa baba, haukunihusu. Mimi nilimwamkia shikamoo na kukaa kimya. Wao walitukanana tangu asubuhi mpaka jioni na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Mtani anaweza kuja msibani kwako akamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, na wewe mfiwa unatakiwa ucheke.

Kioo cha nyuma ya dereva kilikuwa kimevunjika zamani, tukawa tunasikia kila neno.

"We kipofu," mtani alianza tulipoacha lami pale Mzumbe, "huyo mwenye baiskeli kakukosea nini kushoto kwako mpaka unataka kumuua?"

Akina mama wakacheka. Mimi pia nilicheka.

"Nenda basi katikati ya barabara, mzee wa kubebwa! Au umeahidiwa ng'ombe huko korongoni kulia?"

Wakacheka tena. Baba akajibu kwamba ana haraka ya kumzika yeye bibi, kwa hiyo asiwe na wasiwasi. Gari likarudi katikati.

"Kona hii ina jiwe jipya, kubwa kama kichwa chako. Liamkie."

Gari likapunguza mwendo, likapita pembeni. Nikasimama, nikashika chuma cha nyuma ya kichwa cha dereva, nikaanza kutazama mbele. Jiwe lilikuwepo. Baada ya hapo sikucheka tena. Kila tusi lilikuwa na upande wake, kushoto au kulia, na kila tusi lilifika kabla ya kona, kabla ya shimo, kabla ya lori linaloteremka. Walipokosa cha kukwepa, mtani alinyamaza na baba aliimba. Akina mama walikuwa wanafuta machozi kwa kucheka, korongo likiwa hatua mbili kutoka kwenye tairi, na ukungu umeanza kutufunika.

Tulifika salama. Baba akaenda kunywa chai. Nikamkuta mtani shambani kwake akikata kabichi, nikapiga goti nikaanza kukata naye.

"Bibi," nikamwambia, "tangu lini?"

Hakuniuliza tangu lini nini. "Masika ya mwaka juzi alikuwa bado anaziona kona. Sasa anaona mwanga na vivuli. Barabara anaijua, vinavyotembea ndivyo asivyovijua."

"Na wewe ukapanda naye. Kwa nini hukutuambia?"

Akasimamisha kisu. Sikuwahi kumwona bila utani usoni, na sura ile sikuizoea.

"Nimesema kila safari, mwanangu. Nimemwita kipofu mbele ya watu barabara nzima, mpaka pale sokoni kwenu. Mlicheka. Wewe mwenyewe leo umecheka, nimekusikia. Mimi ni mtani, nitatumia mdomo gani mwingine?"

Nilikata kabichi mpaka tenga likajaa, na niliona haya mbele ya bibi yule kuliko nilivyowahi kuona haya maishani.

Gari lilipokwisha kupakiwa, baba alikuwa ameshafungua mlango wa dereva. Nikasimama mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanipotea.

"Baba," nikasema, "geji zinafanya kazi. Zote mbili. Zilikuwa zinafanya kazi tangu Jumamosi."

Akina mama walikuwa wameshapanda juu ya matenga, wakitusubiri.

"Mshale ulipanda?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ulipanda mpaka juu, baba. Kila mara."

Alisimama ameshika mlango. Kisha akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata, akaniwekea ufunguo, akazunguka mbele ya gari huku akiishika boneti, akaingia upande wa pili. Mtani akajibana katikati yetu.

Nikateremsha gari taratibu, kwa gia ndogo, kama alivyonifundisha mwenyewe. Ukungu ulikuwa umeondoka. Jiwe lilikuwa pale pale, ng'ombe walikuwa wengi, malori mawili yalipanda tukayapisha. Mara kwa mara baba aliniuliza mshale wa joto uko wapi, nami nikamtajia, naye akaitikia kwa kichwa. Zaidi ya hapo hakuna aliyesema kitu. Akina mama nyuma walikuwa wanangoja waanze kucheka, na mimi nilikuwa nazisikia kona zote zinapita kimya.

Karibu na lami ya Mzumbe baba alikuwa ameuweka ufito mapajani, kidole gumba kwenye pengo la kwanza.

"Mtani," akasema, "umelala?"

"Sijalala."

"Mbona hunitukani?"

Bibi aliendelea kutazama barabara.

"Nitukane basi," baba akasema. "Hata kidogo tu, tumekaribia nyumbani."

Bibi akamshika baba goti.

"We kipofu," akasema taratibu.

Nikasubiri nyuma wacheke. Hakuna aliyecheka.