Pembe Nne za Nyota Iliyopasuka

Mulumba alikuwa na digrii, na digrii haikaushi samaki. Yaya yake Clotilde, dada yake mkubwa, alimwambia hivyo tangu siku alipovuka ziwa akikimbia vita ya 1998, na boksi moja ya karatasi kichwani. Kule Lubumbashi alikuwa asistanti wa fizikia. Hapa Kashikishi alikuwa mdogo wa Clotilde, basi.

Lakini ndani ya boksi kulikuwa na kazi. Madame Gaëlle, profesa wa Ubelgiji, alimtumia namba za nyota moja iliyopasuka mbali sana, dhaifu hata darubini kubwa iliihangaikia. Mwanga wake ulipimwa siku nne, kupitia kioo kinachopitisha mtetemo wa upande mmoja tu. Mpasuko ukiwa mviringo kama chungwa, mitetemo ya pande zote inauana, haubaki hata mmoja. Ukiwa umevutika kama muhogo, unabaki mtetemo kidogo wenye mwelekeo, na mwelekeo huo unapaswa kurudi ule ule kila siku. Kwa macho ni nukta tu. Kile kioo ndicho kinachosema umbo. “Niambie umbo lake,” madame aliandika, “nami nitakuombea nafasi ya kumaliza doktora.”

Hiyo nafasi Mulumba aliiota hata mchana.

Kisha malaria ikamlaza. Jirani yake Mathews, mwalimu wa hesabu mwenye kalkuleta na moyo mwema, akajitolea kumaliza. Pembe za mwelekeo za siku nne, kwa nyuzi, zilikuwa 172, 4, 8 na 176. Mathews akajumlisha, akagawa kwa nne, akapata 90, akaandika chini kwa kalamu nyekundu: hakuna hata moja iliyo karibu na 90, zinapingana. Mulumba, meno yakigongana kwa homa, aliamini wekundu ule. Akaandika kwamba hakuna mwelekeo, mpasuko ni mviringo, akatia sahihi. Alhamisi asubuhi akajikokota mpaka posta, akarudi akakaa karibu na kichanja cha samaki kama mutu aliyetua mzigo.

Clotilde alikuwa anapanga fito za kichanja na Nkonde, kibarua wake, mwanaume mzima asiyependa haraka.

“Nkonde, ile fito inalala kombo. Igeuze!”

Nkonde akaiinua, akaleta ncha ya huku kule, ya kule huku, akailaza palepale.

“Umegeuza nini sasa?” Clotilde akacheka mpaka akashika kiuno. “Si inalala vile vile! Fito iko na kichwa? Iko na mukia? We Nkonde, mama yako alikuzaa juu ya mawe?”

Mulumba akasimama. Mtetemo nao hauna kichwa wala mkia. Pembe zake zinatoka kaskazini, sifuri, zinafika 180, na 180 ni kaskazini tena. Kwa hiyo 172 na 8 ni majirani wa ukuta mmoja! Siku zote nne zilikuwa zinaonyesha upande uleule, na yeye ametia sahihi kwamba zinapingana. Kitu cha mwaka wa kwanza.

“Yaya, nimejiua.”

“Kufa kesho, leo kuna samaki.” Lakini alipoona miguu yake inakimbia na homa yote ile, akatupa kitambaa begani, akamfuata.

Posta, dada Ennie wa dirishani alikuwa ameanza kukunja mdomo wa saki, gunia la barua.

“Awe, hapana, ba Mulumba. Barua ikiingia mu saki, si yako tena.”

“Juu ya bahasha ni mukono wangu!”

“Mukono ni wako. Jina ni la muzungu.”

“Dada Ennie, mule ndani kuna uongo nilioandika mimi mwenyewe!”

“Mu saki hii uongo ni mwingi, mukwai. Andika ingine. Saa sita natia kamba.”

Zilibaki dakika kumi na mbili. Clotilde akamnyang'anya karatasi karani mmoja wa shule aliyekuwa kwenye foleni, akaziba dirisha kwa mwili wake ili foleni isisogee. Mulumba akaandika amesimama: barua ya kwanza ni makosa, pembe nne ziko ndani ya nyuzi kumi na sita, kaskazini-kusini, mpasuko umevutika. Kalamu ikasimama.

“Weka homa,” Clotilde akanong'ona. “Weka na Mathews.”

“Sahihi ni yangu, yaya.”

“Kiburi hakitakupandisha ndege!”

Hakuweka homa, hakuweka Mathews. Aliandika: nilitia sahihi bila kuangalia. Halafu akaona kwamba ni hicho hasa ambacho hakuna profesa anayetaka kusoma, lakini Ennie alikuwa ameshanyoosha mkono.

Kamba ikafungwa. Saki ikapandishwa juu ya basi la Mansa, barua mbili za mutu mmoja ndani yake, moja ikiitukana nyingine.

“Atafungua gani mbele?” Clotilde akauliza.

“Sijue. Akianza na ya kwanza, ataitupa na mimi pamoja. Akianza na ya pili, atajiuliza huyu ni asistanti gani.”

“Donc? Tufanye nini basi?”

“Donc tungoje. Miezi miwili, mitatu.”

Clotilde akafyonza.

“Kungoja! Na hiyo pia banakufundisha ku université?”