Dada Yangu Alipokea Barua ya Korti Akanyamaza

Admin, ficha jina langu kabisa, watu wa kwetu wako kwa hii page. Mimi ni mwalimu, niko na miaka 41, bwana na watoto watatu. Tunakaa Noonkopir. Kule Isinya nafuga kuku wa mayai, na anayewaangalia ni dada yangu mkubwa. Mama alipokufa yeye ndiye aliacha shule ili mimi nisome, kwa hivyo alipofiwa na bwanake nilimwambia, "Kuja tukae." Kila mwezi namtumia pesa alipe duka la chakula cha kuku. Risiti sikuwahi kuuliza. Ningeanzaje?

Wiki jana madalali wa korti wakaingia kwa banda na karatasi. Wakaandika kuku wote, tangi ya maji, jenereta. Korti ilishaamua nilipe duka deni la mwaka mzima, na siku saba zikiisha wanabeba. Nikajua wamekosea mtu. Nikakimbia Kajiado, karani akanifungulia faili. Barua ya kuniita ilipokelewa kitambo. Sahihi ni ya dada yangu.

Nikarudi Isinya nikamuuliza. Hakukataa. Aliendelea tu kuokota mayai.

"Hizo pesa nilinunua kaploti," akasema. "Nimezeekea kwa boma ya mdogo wangu. Nilitaka na mimi niwe na mahali pa kuzikwa."

"Na barua?"

"Nilifikiri nitalipa kabla ujue."

Nilikaa chini pale pale, na nguo za kazi. Afadhali angeniomba hiyo ploti. Ningempa.

Wakili ameniambia, "Madam, unaweza kuomba korti iweke kando hiyo hukumu usikizwe, na dada yako aingizwe kwa kesi. Lakini lazima uape kwa maandishi kwamba alificha barua. Ama ukubali deni, uombe kulipa pole pole."

Bwanangu anasema niape, ploti iuzwe. Kaka yetu amenipigia kutoka Machakos: "Utashtaki damu yako juu ya kuku?" Hakuna hata mmoja ameniuliza nalala aje. Na dada mwenyewe hajasema pole. Jana alinipikia muthokoi akaniuliza mbona sili.

Zimebaki siku mbili. Nikiapa, nimemtoa dada kwa nyumba. Nikilipa, watoto wangu watalipia ploti ambayo hawatawahi kulima. Wenye mmepitia korti, na wenye mmepitia ndugu, niambieni ukweli hata kama ni mchungu: nishike njia gani?