Mtihani wa Moko na Sura Mbili za Kompyuta

Kila nikimwona kijana anaiogopa Linux, mfumo huu wa bure wa kuendeshea kompyuta, mwanangu, nakumbuka asubuhi ile mtihani wa moko, ule wa majaribio, wa shule za Ruangwa ulipotoweka mbele ya macho yetu.

Nilikuwa mwalimu kijana katika kituo cha walimu Nachingwea, miaka ya elfu mbili mwanzoni. Kompyuta ilikuwa moja, kuukuu, na sote tuliingia kwa jina lile lile.

Bi Somoe, mwalimu kutoka Mandawa, alikuwa ameuchapa mtihani wote siku iliyotangulia. Alipoiwasha, akapiga ukelele. Mstari wa vitufe uliokuwa chini umepanda juu, picha zimebadilika, na kabrasha la mtihani lililokuwa likifunguka lenyewe halipo. Nje, gari la Ruangwa linaunguruma, linausubiri mtihani huo.

"Nilisema mimi, vya bure hivi!" Mwalimu Rwegasira akacheka, sidii tayari mkononi. "Tufute kila kitu, tuweke mfumo ule tuliouzoea."

"Wewe Mhaya, iguse uone! Utarudi Bukoba kwa miguu!" Bi Somoe akamjia juu.

Mkuu wetu, Mzee Chilumba, hakucheka. "Mnafuta kabla ya kuuliza? Jana jioni nani aliingia humu, na alichagua nini?"

Rwegasira akakohoa. "Mimi, Mzee. Pale pa kuingilia palikuwa na sura mbili za kuchagua, KDE na Gnome. Nikachagua Gnome, nione tu ilivyo."

"Kijana," Mzee akaniambia, "toka, kisha uingie kwa sura ile ya mwanzo."

Nikatoka. Kwenye dirisha la kuingilia nikachagua KDE. Mstari ukarudi chini, kabrasha likafunguka, na mtihani ukawa pale, haujapungua hata swali. Bi Somoe alipiga vigelegele hadi dereva akaja kuchungulia. Tukachapisha, gari likaondoka, na Rwegasira mwenyewe ndiye aliyebeba bahasha.

Basi shika hili, mwanangu. Linux ni nyumba. KDE, Gnome, au Xfce inayofaa mashine dhaifu, ni namna tu ya kupanga vyombo sebuleni. Sura hizo wataalamu huziita mazingira ya eneokazi. Ukibadilisha mpangilio, kazi zako hubaki kwenye kabrasha lako la nyumbani. Zijaribu zote bila hofu, ukae na inayokupendeza. Na kitu kikionekana kimepotea, uliza kwanza kilichobadilika. Kufuta kuwe mwisho kabisa.

Mungu akupe macho ya kudadisi na mkono usio na pupa, na kazi yako ifike inakotakiwa.